Chale za Shabani

Jumanne, 9 Julai
Nimechota maji, nimefagia uani, nimepika maharage bila chumvi. Jana mganga alimchanja mume wangu Shabani chale, na mpaka zikauke chumvi ni mwiko nyumba nzima. Kifuani, mgongoni, wembe na dawa nyeusi. Bibi yangu alinichanja chale za kichwa nikiwa mdogo. Damu kidogo juu ya nyusi, maumivu yakaisha. Hizo nazijua. Hizi eti zinazuia panga lisiingie mwilini. Maharage hayaliki. Nimekula kwa hasira.

Alhamisi, 11 Julai
Ng'ombe wa wafugaji wameingia tena shambani. Mahindi tuliyokuwa karibu kuvuna yamelala chini. Rajabu, mdogo wake Shabani, kaja kunoa panga mlangoni kwangu. Nimemwambia mume wangu asiende kupigana. Akafungua shati, akanionyesha chale. Mtu mzima! Naogopa.

Ijumaa, 12 Julai
Wamepigana baada ya swala. Mfugaji mmoja kavunjwa taya kwa rungu, kijana tu, anamlilia mama yake. Wenzake Shabani walikwepa. Yeye hakukwepa. Kasimama kifua wazi mbele ya mwenye sime, akingoja igome. Imempasua tumbo. Njia nzima ya hospitali, ndani ya gari la mkaa, nimeshikilia utumbo wa mume wangu kwa kanga. Una joto. Sikujua.

Jumamosi, 13 Julai
Wamempasua zaidi, wamemshona. Yu hai. Alhamdulillahi. Mama mkwe kautazama mshono, kasema daktari naye kamchanja chale, tena ndefu. Nimemjibu vibaya. Hiyo ni operesheni, mama. Hiyo ndiyo iliyomrudisha.

Jumanne, 16 Julai
Mganga kasema chale zake hazina kosa. Mke kavunja mwiko. Rajabu kanipiga mbele ya mama yake. "Sema ulitia chumvi, shemeji, yaishe!" Mdomo umechanika. Ningekubali, wangenisamehe leo hii. Halafu Shabani angechanjwa upya na kurudi kulekule kusimama kifua wazi. Nimekataa. Kanipiga tena, kwa fimbo. Mama mkwe kageukia ukutani. Nawachukia wote wawili.

Jumapili, 4 Agosti
Shabani yuko nyumbani. Asubuhi nimempaka mafuta. Chale zimepona vizuri, hazionekani sana. Mshono bado mwekundu. Kaniuliza taratibu kama nilitia chumvi. Sikutia, nimemwambia. Hata chembe. Kautazama mdomo wangu.

Alasiri mganga kapiga hodi na mkoba wake. Rajabu yuko nyuma yake. Shabani kawakaribisha vizuri tu. Kisha kaanza kufunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, mpaka shingoni. Wameondoka bila kuketi.

Nimekwenda kupika.