Honi kwa Mzee Shekuwe

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Ukungu mpaka saa nne. Nimepiga kiki mpaka mguu ukachoka ndipo ikawaka. Pikipiki ya mtumba, jaketi la mtumba, na mwendeshaji naye wa mtumba. Enzi za ruksa hizi, biashara huria. Kila kilichotumika kinarudi barabarani.

Nimepeleka mbegu za kabichi na karoti Lukozi. Zimeisha zote. Njiani watoto wanaita afande, afande. Wanajua nilikuwa tarishi wa pikipiki vita vya Kagera. Hawajui kwamba tangu vita viishe sikushika klachi mpaka mwezi uliopita. Sijawaambia. Hawajauliza.

Kwenye mlima wa Mzee Shekuwe nimepita bila kusimama. Tena. Yeye hukaa juu ya gogo nje ya kwake, pale pale penye mwinuko mkali, kama aliyewekwa kukagua. Nimempigia honi ya heshima.

Jumatano, 4 Agosti

Wifi yangu Stela kaja, na habari imetoka kabla hajakaa. Mzee Shekuwe anasema mama Neema kampigia honi kama anaswaga mbuzi. Shikamoo hakuna. Mara ya kwanza alidhani sikumwona. Sasa anasema namwona vizuri sana.

Angekuwa mzee mwingine, angenuna yakaisha. Huyu ni babu yake Hoza, na Hoza ndiye mchumba wa Neema wangu. Jumapili ya wiki ijayo wanaleta mahari. Bila babu hawaji. Na babu amesema hali chakula cha nyumba isiyojua kuamkia.

Nikamwambia Stela breki ni mbovu.

"Breki mbovu, wifi, mbona gulioni unasimama?"

Nikamwongezea chai.

Alhamisi, 5 Agosti

Ukweli, kwa kuwa hapa hakuna msomaji. Nikisimama mlimani siwezi kuondoka tena. Breki, klachi, mafuta, vyote vinataka kushikwa kwa wakati mmoja, na pikipiki inataka kurudi nyuma. Goti la kushoto halina nguvu.

Vitani nilipanda milima mibaya kuliko huu. Ila hakuna adui aliyetaka nisimame nimwamkie.

Ningeweza kumwendea kwa miguu nikamweleza. Nikasema nini? Kwamba tarishi wa jeshi anashindwa na kilima cha mbele ya nyumba yake? Kabla ya jioni habari ingekuwa imefika Shume. Bora waseme nina kiburi. Kiburi nacho ni cheo.

Naona aibu kwa sentensi hiyo. Naiacha.

Jumamosi, 7 Agosti

Neema hajala. Nimemkuta anakunja gauni la kitenge aliloshonewa kwa siku ya mahari, analirudisha sandukuni. Hakulia. Alisema, "Mama, ni shikamoo tu. Unapungukiwa nini?"

Nikamjibu kwa sauti ya gwaride kwamba mimi sifundishwi adabu na mtoto niliyemzaa. Akasema samahani, mama.

Yeye ndiye aliyeomba samahani.

Nimeosha pikipiki. Ilikuwa safi.

Jumapili, 8 Agosti

Kanisani akina mama wamenisimamisha niwasimulie vijana jinsi mwanamke alivyobeba barua za jeshi kwa pikipiki huku mizinga inalia. Nikasimulia. Tena vizuri, Mungu anisamehe. Mzee Shekuwe benchi la mbele, mikono juu ya fimbo, ananitazama kama anatazama mbuzi wa kununua.

Baada ya ibada nikamwelekea. Akageuka akaanza kuzungumza na mchungaji. Watu waliona.

Halafu hili la goti. Goti ni zima. Alhamisi niliandika uongo. Ni woga. Kumdanganya Stela naelewa. Kujidanganya kwa kalamu yangu mwenyewe, hiyo ni kazi ya bure.

Jumanne, 10 Agosti

Leo nimesimama.

Sikupanga. Alinisikia kutoka chini, na kabla sijafika akanipa mgongo. Akageuka mzima mzima juu ya gogo lake. Mgongo ule ulinichoma kuliko maneno. Nikabana breki mbele yake.

Shikamoo, baba.

Mgongo haukugeuka. Nikasubiri. Injini ikazima. Nikapiga kiki, pikipiki ikaanza kurudi nyuma, nikaiachia. Ikateremka peke yake mpaka kwenye kabichi zake, ikalala. Mimi nikafuata kwa makalio. Mbegu zikamwagika. Mbegu za kabichi ndani ya kabichi, angalau zimefika kwao.

Waliokuwa wanapita na mizigo wakasimama. Stela mmojawapo. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Mzee akateremka na fimbo yake taratibu. Akaitazama pikipiki. Akautazama mlima. Akanitazama mimi na udongo wangu.

"Kumbe hujui kuondokea mlimani."

"Sijui, baba. Naogopa."

Nimesema hivyo mbele ya watu. Mbele ya Stela, yaani redioni.

Mzee akaegemea fimbo yake. Kisha akasema, "Marahaba."

Aliwaita waliosimama, wakainyanyua pikipiki na kunisukuma mpaka juu kama gari bovu. Nimeketi juu yake, nimenyooka, kofia kichwani. Sijawahi kuona aibu ndefu namna ile.

Alhamisi, 12 Agosti

Jana sikutoka. Leo pia. Watoto wanapita nje wanaita sukuma, sukuma. Jina jipya. Nalistahili.

Kama Mzee atakuja Jumapili hakuna ajuaye. Stela anasema amemwona anahangaika na lile gogo, labda anataka kulichanja kuni. Amechoka kunikagua, nadhani.

Neema amenikanda goti kwa maji ya moto. Haliumi. Nimemwacha akande.

Ijumaa, 13 Agosti

Ukungu mwepesi. Mbegu haziuziki nikiwa kitandani, nikatoka. Chini ya mlima nikaingiza gia ya kwanza, nikajiandaa kusimama tena na kuanguka tena.

Gogo halipo. Majani yamelala mahali lilipokuwa. Nikapanda moja kwa moja mpaka juu.

Juu, barabara inapolala tambarare kuelekea Lukozi, gogo liko kando ya njia. Mzee amelikalia. Kutoka kwake mpaka pale, kwa mtu wa fimbo, si karibu.

Nikasimama. Nikazima injini. Shikamoo, baba. Marahaba, mwanangu. Akauliza habari za Neema. Akauliza Jumapili tunapika wali au ugali wa bada. Nikasema vyote. Akasema atakuja kwa miguu, tusimtumie pikipiki.

Habari ya gogo hakuigusa, nami sikuuliza.

Nikaondoka polepole. Sikupiga honi.