Nilivyoishuku Perl ya Salim

Kayole, Jumamosi, Julai 1999

Baridi ya leo imeingia mpaka kwenye mifupa, na manyunyu hayajakoma tangu alfajiri. Nimejifunga leso mbili na bado natetemeka. Moyo pia haujatulia, lakini huo hautibiwi kwa leso.

Ukurasa huu wa mtandaoni nilijitengenezea mwenyewe na sidhani kuna anayeusoma. Basi nitasema yote.

Tangu Mei, mimi na Salim, niliyesoma naye kompyuta, tunawatengenezea tovuti mafundi wa Shauri Moyo, wale wanaounda twiga na vifaru kwa vyuma chakavu. Mwenyekiti wao alisema wazi kwamba ikikamilika watabaki na mtu mmoja wa kuitunza. Mwingine atashukuriwa aende zake. Salim ana duka la mjomba wake la kurudia. Mimi nina lango la kiwanda cha mishumaa, kule karibu na Mukuru kwa Reuben, ambako nilisimama kila asubuhi mwaka mzima nikingoja kuchaguliwa kwa kibarua cha siku. Sitaki kurudi pale.

Kwa hiyo Salim alipoanza kutaja lugha nyingine ya kompyuta, masikio yalinisimama.

Mwanzoni tulikuwa na CD ya programu inayojenga kurasa yenyewe, wewe unaburuta picha tu na kuiweka utakapo. Hiyo tuliikataa pamoja. Ukiipa maneno kumi, inayazungushia takataka nyingi hata ukurasa unachukua nusu saa kufunguka kwa laini zetu hizi za simu. Tukakubaliana kuandika kwa mkono HTML, lugha ya kuundia kurasa za mtandao. Nilifurahi, maana HTML naijua. Halafu ikaja habari ya kupokea oda.

"HTML inaonyesha tu, Adhis," Salim aliniambia. "Mtu akitaka kuagiza, hapo lazima tuweke Perl."

Perl naijua kwa kuisikia. Nikiitazama naona vitone, mabano na alama za dola, kama kuku amepita juu ya kibodi. Yeye anaielewa. Ana kitabu chake amekifunika kwa gazeti, na hata siku moja hajaniazima. Kweli, na mimi sijawahi kumwomba.

Nilimweleza baba. Baba ni fundi wa redio, na kila redio anayoitengeneza huifunga kwa skrubu alizozisugua vichwa kwa tupa mpaka zikubali bisibisi moja tu, ya kwake. Mteja akiipeleka kwingine, haifunguki. Nimekua nikiona hivyo, na nilidhani ndivyo mafundi wote wanavyofanya.

"Huyo anataka ufunguo akae nao yeye," baba alisema bila kuinua macho. "Wewe utabaki nje ukigonga."

Nilimwamini. Nikaanza kumchunguza Salim. Akifunga faili ninapokaribia, natia akilini. Akicheka na mwenyekiti, natia akilini. Alipoondoka Alhamisi kwenda Malindi kwenye harusi ya dadake, nilijiuliza kwa nini dada huyo aolewe wiki hii hii, na mnunuzi wa ng'ambo ameahidi kuiangalia tovuti Jumatatu.

Jana mwenyekiti akaniletea picha ya ndege mpya, korongo wa vyuma, aongezwe kwenye orodha ya kuagiza. Yaani ndani ya Perl. Nikasema basi, mtego umefyatuka.

Leo saa nne asubuhi nikaenda pale kwa wapiga chapa, tunapokodi kompyuta, nikafungua faili la Salim. Naungama kwamba sikulifungua kwa nia ya kumweka korongo. Nilikuwa natafuta kufuli, ili Jumatatu nimwonyeshe mwenyekiti.

Katika Perl, mstari ukianza na alama ya # mashine huuruka. Huo ni wa binadamu kumwandikia binadamu. Faili la Salim limejaa mistari hiyo.

Kwa Kiswahili.

# Adhis, ukitaka kuongeza mnyama anzia hapa.
# Hayo mabano ya chini usiyaguse, yatakusumbua.
# Kama sipo, usiningoje.

Niliisoma yote. Kisha nikafuata maelekezo, na korongo akaingia bila matata. Ningeishia hapo ningerudi nyumbani nikiimba. Lakini chini zaidi kulikuwa na mistari mingine.

# q7 ni kifaru. x3 ni kuku. b9 ni twiga mdogo.

Orodha iliendelea hivyo, picha baada ya picha, na mwisho wake ameandika:

# Nimezifungua moja moja. Adhis ana shughuli nyingi, sikutaka kumsumbua.

Majina hayo ya picha niliyatoa mimi, mwezi wa Juni. Kifaru ningeweza kumwita kifaru. Nilimwita q7 makusudi, na maana ya kila jina nikaiandika kwenye daftari ninaloficha chini ya godoro, ili yeyote atakayetaka kubadilisha picha anitafute mimi kwanza.

Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka, kwenye baridi hii.

Na bado, mimi ni mimi, shaka haijaniisha. Ati shughuli nyingi? Aliamini kweli, au alinijua tangu Juni akaamua kuninyamazia? 

Nilikaa pale hadi saa tisa mchana nikibadilisha majina kila mahali. Kifaru sasa ni kifaru, kuku ni kuku. Kuanzia Jumatatu mtu yeyote ataweza kuitunza tovuti hii, hata bila mimi, nami nalikumbuka lile lango la kiwanda. Orodha ya Salim haina kazi tena, lakini sikuifuta. Nimeongeza mstari mmoja chini yake, ausome akirudi:

# Salim, sikuwa na shughuli. Nilikuwa nakufungia nje.