Moyo wa Paskalina

Shinyanga,
9 Juni 1974

Kwa dada yangu mpenzi Scolastika,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Mhunze, pamoja na shemeji na watoto, na kwamba ng'ombe wamepona ugonjwa wa kwato. Sisi huku tunaendelea. Pamba imeanza kuingia kiwandani na vumbi lake tunalala nalo.

Katika barua iliyopita nilikuambia mke wangu ana mwanamume, na kwamba nitamrudisha kwao Kharumwa. Kama hujamwambia mtu, nakuomba unyamaze. Soma kwanza hii.

Dada, tangu masika Paskalina alianza kupendeza vibaya. Kiuno kilipungua, macho yakawa makubwa na ya kung'aa, na huku anakula ugali kunizidi. Kitandani alitupa shuka akidai joto, na nilipogusa kifua chake nilisikia moyo unakwenda mbio kama wa msichana anayemsubiri mtu. Sabiti, fundi cherehani jirani yetu, akipita kutusalimu, kikombe kilimtetemeka mke wangu mkononi. Kisha akaanza kufunga kitambaa shingoni, hata akiwa jikoni. Nilimwuliza nani kamnunulia. Alinifokea, halafu akalia. Wivu ulinila. Nilikuwa nafunga marobota ya pamba huku namwona Sabiti akinicheka, na maskini ya Mungu hakuwa hata na habari nami.

Kila Alhamisi alikuwa akiaga kwamba anakwenda kusali Kolandoto. Alhamisi moja niliomba ruhusa kwa mnyapara, nikamfuata kwa baiskeli. Kanisani hakwenda. Alipita hospitali, akatoka, akaingia nyumbani kwa mganga mmoja aitwaye Nkwabi. Si mzee, dada. Ni rika langu, mrefu, ana meno meupe. Nilimkuta mke wangu amelala mkekani, kitambaa kimefunguliwa, na mikono ya yule bwana iko shingoni mwake.

Maneno niliyotoa siwezi kukuandikia. Nkwabi hakuinuka. Alisema, "Shemeji, tazama shingo kwanza, ndipo unipige."

Nikatazama. Chini ya koo palikuwa na rovu limevimba, na juu yake kitambaa cha maji baridi.

Paskalina aliketi akanieleza. Daktari alimwambia kuwa tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, ndiyo inayoukimbiza moyo, inayomkondesha na kumnyima usingizi. Amepewa vidonge, avimeze kila siku kwa muda mrefu, asiviache hata akijisikia amepona, na akipata homa au maumivu ya koo arudi hospitali mara moja. Nkwabi naye alisema hamponyi, anamtuliza tu. Mwanzoni alimpa mizizi ya kunywa, lakini muuguzi alipoambiwa akakataza, naye akaacha. Sasa humkanda mabega, humfundisha kuvuta pumzi polepole, humwekea kitambaa hicho mpaka alale kidogo.

Nilimwuliza mke wangu kwa nini mganga ajue na mimi nisijue. Alikifunga tena kitambaa chake shingoni. Kisha akasema, "Namwogopa dada yako."

Dada, siku ulipokwenda kumtazama kwao kabla ya posa, ulimshika shingo mbele ya shangazi zake, ukasema mwenye rovu haingii katika ukoo wetu. Wewe ulikuwa unatania. Yeye hakucheka, kwa sababu mama yake mdogo alirudishwa kwao kwa ugonjwa huo huo. Ndiyo maana akanunua kitambaa kile cha kufunga shingoni kwa fedha ya karanga zake.

Sikuandikii ili kukugombeza. Nataka ujue kwamba harudi Kharumwa. Vidonge vimeanza kumsaidia, moyo umepungua mbio na mwili unarudi.

Lakini wivu, dada, haujanitoka. Mikono ya Nkwabi siivumilii. Nimemwomba anifundishe, na sasa namkanda mwenyewe nyumbani. Sijui kukamua kitambaa vizuri. Maji humtiririka mgongoni, naye hupiga yowe, halafu hucheka mpaka majirani wanasikia. Sabiti pia anasikia, na hilo linanifurahisha kuliko inavyofaa.

Mwambie shemeji nimemkumbuka, na watoto wote uwashike vichwa kwa niaba yangu. Paskalina anakuamkia. Amesema niiandike shikamoo yake peke yake, nisiichanganye na yangu, kwa kuwa anataka umwitikie yeye mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Maduhu