Mama wa Ipogolo na Mawifi Zake

Ndaga, dada Atu,

Upepo wa Iringa unapenya mpaka ndani ya sweta. Jana, kwenye utafiti wetu wa wanawake wanaorudia kujifungua kwa upasuaji, nilikaa jikoni kwa mama mmoja wa Ipogolo. Alinipa chai na viazi vya moto, kisha akanieleza kwa nini alichelewa kwenda hospitali.

"Mawifi walikuwa wanasema mimi sizai, napasuliwa. Uchungu ulipoanza nikanyamaza. Nikaosha vyombo, nikasonga ugali, nikacheka nao. Nilitaka nifike mtoto yuko karibu kutoka, madaktari wasipate nafasi ya kunipasua."

Kovu la upasuaji wa uzazi wa kwanza likapasuka ndani kabla hajafika. Mtoto alifariki, na kizazi kikatolewa.

"Sasa hawanicheki," alisema, akaniongezea chai.

Dada, na wewe una kovu, na kwenye simu ulisema utatulia nyumbani mpaka uchungu ukolee. Nenda mapema, nakuomba. Nikirudi Mbeya nikukute umeshonwa tena, unalalamika, nikupikie ndizi huku mtoto yuko mgongoni kwangu.

Mdogo wako anayekuwaza,
Sekela