Tangu Nianze Vidonge vya Tezi Dume

Jumanne. Mawingu mazito tangu alfajiri, joto la kunata, mvua haitaki kushuka. Mji wote wa Palma umenyamaza.

Leo ninaiogopa nafsi yangu. Naandika ili baadaye nisije nikakana.

Mimi ni mwalimu mstaafu, umri miaka sitini na saba. Miezi mitano iliyopita mkojo ulinigomea. Nilikuwa nasimama chooni mpaka miguu inakufa ganzi, yanatoka matone tu. Daktari wa hospitali ya mjini Pemba akasema tezi dume imekua, si saratani, akanipa vidonge, kimoja kila siku. Vikasaidia kweli. Nikaweza kukaa hotuba nzima ya Ijumaa bila kutoka mbio. Nilimshukuru Mungu.

Kisha vitu vingine vikaanza kunitoka. Kwanza kicheko. Halafu hamu ya chakula. Halafu, naandika kwa haya, hamu ya mke wangu.

Mama Salima alidhani nimepata mwingine. Hakusema, ila alikuwa ananitengea chakula na kuondoka. Nami nikawa namfokea kwa chumvi, kwa mlango, kwa chochote. Ijumaa tatu sijakanyaga msikitini.

Majirani wakasema ni vita. Hapa kwetu kila anayekaa kimya huambiwa ana mawazo ya vita. Nilikubali, maana lilikuwa jibu jepesi.

Lakini tulipoikimbia hiyo vita nilitembea porini siku tatu, nikanywa maji ya dimbwi, na mwili wangu wote ulikuwa unataka kuishi. Sasa nyumba ina bati jipya, mihogo imekubali, wanangu wako hai. Mbona ni sasa ndipo nataka kuondoka?

Sijawahi kuiandika sentensi hiyo.

Juzi Jumapili tulikwenda shambani kwetu, kijiji cha Mute. Mama Salima alikuwa anang'oa mihogo, mimi nikaenda kuteka maji. Niliinama juu ya kisima, nikabaki pale pale. Sikuwa nalia, sikuwa na hasira. Nilikuwa nimetulia kabisa, kama mtu aliyemaliza kazi zake zote duniani, na hilo ndilo linalonitisha. Nilishtuka aliponishika shati.

"Baba Salima, nimekuita mara nne."

"Sikusikia."

Alinitazama usoni, akaichukua ndoo mwenyewe. Njia nzima hakuuachia mkono wangu.

Asubuhi hii ameweka boksi la dawa mbele yangu. "Mume ninayemjua alikuwepo kabla ya vidonge hivi. Hebu soma wameandika nini."

Karatasi ya ndani ni ya Kireno, herufi ndogo kama chawa. Mimi niliyefundisha Kireno miaka thelathini sikuwahi kuikunjua. Chini kabisa, baada ya vipele na maumivu ya matiti, nikakuta: kupungua hamu ya tendo la ndoa, huzuni nzito, mawazo ya kujidhuru. Mjulishe daktari mara moja.

Nikamtafsiria. Yale maneno ya kujidhuru niliyaacha mwisho, lakini nikayatoa. Nikamweleza na la kisimani.

Hakulia. Alichukua simu, akampigia nesi wa kituo cha afya, akamweleza yote, kisha akaweka sauti kubwa nami nimsikie.

"Mwalimu, hayo mawazo unayo hata sasa?"

Nilitaka kusema hapana. Mke wangu alikuwa ananitazama mdomoni.

"Ninayo."

"Cha leo usimeze. Usikae peke yako hata kidogo. Njooni sasa hivi, namwambia daktari awasubiri. Dawa za mkojo ziko nyingine, mwalimu. Ila huzuni hii yaweza kuchukua wiki kadhaa kupungua, na kwa wengine huchelewa zaidi. Usitufiche tena."

Naandika haya tukisubiri pikipiki. Mama Salima anavaa, mlango wa chumba ameuacha wazi ili anione. Kila nikiinua kichwa, nakuta macho yake.

Naogopa kwenda. Kubaki naogopa zaidi.

Kama ni dawa, hali hii itanitoka. Na kama ni mimi, nilikuwa hivi siku zote, na dawa imekuja kufunua tu?

Sijui. Ila swali hilo nitamwuliza daktari kwa sauti, mke wangu akiwa amekaa hapo hapo anasikia.

Pikipiki imefika.