Namkanda Farasi Mpaka Maumivu Yake Hayaonekani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kabla hujauliza, hapana, si habari za nyumba ndogo, kwa umri wangu huo ni mzigo wa vijana, shida yangu mimi ni farasi, tena jike, na ukitaka kucheka cheka upesi halafu uendelee kusoma, kwa sababu jambo lenyewe linaninyima usingizi.

Kazi yangu ni kukanda farasi. Mimi na shule tuliachana mapema bila ugomvi, kwa hiyo cheti usinidai, nilifunzwa na mzee mmoja aliyetunza farasi wa mizigo, na sasa niko kwenye mabanda ya mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye anafundisha watu kupanda farasi na yeye mwenyewe hushindana kuruka viunzi. Farasi anayempanda mashindanoni ni jike wa rangi ya kahawia, na mke wangu amempachika jina la Bi Mdogo, anasema tangu nimuoe sijamkanda yeye hata bega, lakini huyu kila nikiamka namfuata kwa mikono miwili, na jina limeshika, hata mpwa wangu anamwita hivyo mbele ya wateja bila haya.

Basi kila asubuhi, watu hawajafika, naingia bandani, naanza na shingo, nashuka begani, napita mgongoni kwa kiganja, na nikifika kiunoni upande wa kulia nakuta nyama imekakamaa kama ubao, ngozi inamtetema, masikio ameyalaza nyuma, nami naegemeza kisigino cha mkono pale polepole mpaka ateremshe kichwa, mdomo wa chini umlegee, ashushe ile pumzi ndefu, halafu anatoka nje anatembea kama hana neno. Akirudi kutoka kwenye viunzi, ubao ni ule ule. Sasa mshauri, kiuno kinachokakamaa pale pale kila siku mara nyingi kinamfichia mtu mwingine siri, na huyo mwingine ni mguu wa nyuma, farasi anaukwepa na mgongo unambebea mzigo, na nikishika kifundo cha mguu ule nasikia joto, na asubuhi moja nilichelewa kufika nikamkuta anageuka bandani, anachechemea.

Nilitaka kusema. Lakini alikuwepo hapa dume wa kijivu, kazi ikamshinda, likaja lori, na hapa kwetu farasi akishapanda lori lile hatuulizani ameenda wapi. Mpwa wangu si mkatili, ila mabanda ni machache na kila farasi aliyemo ana kazi yake. Juzi juzi akanisifu mbele ya watu, akinipigapiga mgongoni kama vile mimi ndiye farasi, akasema, "Mjomba, siku mikono yako ikichoka ndiyo siku nitakayomtoa huyu." Watu wakacheka, nami nikacheka, nikaenda nyuma ya marobota ya majani nikakaa peke yangu.

Kibaya zaidi, daktari wa mifugo alipokuja kumpima, mimi nilimkanda kwanza. Sikuwa na hila, ni kama unavyomwogesha mtoto na kumpaka mafuta kabla ya kumpeleka hospitali, mgeni anakuja, farasi lazima awe nadhifu na ametulia. Daktari akaagiza atembezwe, ageuzwe, akimbizwe kidogo, akasema hamwoni na kasoro, na aliyeshika kamba ni mimi, nikamshukuru, nikamrudisha farasi bandani.

Mashindano yamekaribia na viunzi vimeinuliwa. Mke wangu nilipomsimulia hakunitania safari hii, alisema tu, "Mwambie mtoto wa dada yako kabla hajavunjika shingo," akageukia ukutani. Nikisema, Bi Mdogo anapanda lori kwa mdomo wangu mimi. Nikinyamaza, kila siku namwandaa vizuri ili akaumie vizuri. Nifanye nini, mwanangu?

Mimi, Mzee Mikono

*

Mzee Mikono,

Nimecheka upesi kama ulivyoniagiza, kisha kicheko kikaniisha. Na mimi si wa umri wa kuitwa mwanao, nina wajukuu, kwa hiyo tuongee kama watu wazima.

Wewe hukuandika kwa kukosa jibu. Unajua mguu unauma, unajua upande, umeushika kwa mkono wako. Ulichokuwa unatafuta ni mtu wa kukuambia endelea kunyamaza, na mtu huyo siye mimi.

Pole nakupa, tena ya dhati. Kazi yako ni njema. Mnyama anayeumwa akipata mikono inayomjua, analegea, anatulia, anasimama vizuri. Lakini kumpa nafuu ni jambo moja na kumponya kifundo ni jambo jingine, nawe umeacha la kwanza lijifanye la pili. Daktari hakukosea. Alionyeshwa farasi uliyekwisha kumtengeneza, akasema alichokiona.

Halafu nikugombeze. Barua yote umemlilia farasi, umeliogopa lori, na hatari ya aliyekaa juu ya mgongo ule hukuitaja mpaka mkeo alipoitaja. Ni mtoto wa dada yako. Farasi anayekwepa mguu akifika kwenye kiunzi akiwa na mbio, hachagui pa kuangukia. Mkeo kaona mbali kuliko wewe, na bega lake ukalikande leo leo.

Sasa fanya hivi. Mfuate mpwa wako akiwa peke yake, na utani uache nje ya banda. Mwambie kuhusu kiuno, kuhusu joto la kifundo, na kwamba siku ya daktari ulimkanda kabla. Mwambie asimpandishe kiunzi hata kimoja mpaka daktari arudi, na safari hii daktari amkute farasi hajaguswa. Atakasirika. Mwache akasirike akiwa mzima.

Kuhusu lori, siwezi kukuahidi kitu, kwa kuwa banda si langu. Ninachojua ni kwamba farasi aliyegundulika mapema anaweza kupumzishwa, kutibiwa, labda abaki na kazi ya kuwatembeza wanaoanza kujifunza, na hapo mikono yako itahitajika kweli, kwa ruhusa ya daktari. Aliyevunjika chini ya kiunzi hana hata hilo. Na hapo usiongee kama mfanyakazi. Wewe ni mjomba, umebaki badala ya mama yake. Mwombe kama mjomba.

Kesho asubuhi fika bandani kama kawaida, lakini mikono iweke mfukoni. Fungua mlango, mwache atoke vile alivyoamka, na mpwa wako awe amesimama pale anapoona.