Wanataka Tupanue Njia ya Miguu Ili Gari la Mradi Lipite

Kwako Bi Naila wa ukurasa wa ushauri,

Pokea salamu kutoka kwetu milimani, juu ya Nunguni. Nimesoma majibu yako miaka mingi na sikuwahi kufikiri kuna siku nitaandika mimi, lakini nimefika mahali hata nikipiga magoti kuomba hayatoki maombi, inatoka hasira, kwa hivyo nakusihi unisaidie, na tafadhali usinibadilishie jina, mimi ni Nthenya, na huku kwetu watanijua tu hata ukiniita Malkia.

Nina mume, Mulinge, na binti yetu Wavinya yuko gredi ya nne, na Wavinya ana pumu. Shule yao iko kando ya njia ambayo zamani ndiyo ilikuwa ya mkato ya kwenda sokoni, na siku ya soko kila mama alikodi boda yake ya kubeba kabichi zake, mwingine Probox, mwingine pikapu, basi kuanzia alfajiri ni moshi na vumbi mpaka ndani ya darasa, na jioni mtoto anarudi nyumbani kifua kinapiga filimbi, hawezi kulala chali, inabidi nimuegemeze kwangu kama mtoto mchanga na miguu yake mirefu imening'inia.

Ndiyo maana ulipoletwa mradi wa kupunguza safari za magari na moshi, mimi nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Tuliambiwa kwenye baraza kwamba pesa za umma zimetengwa, litanunuliwa lori moja la pamoja la kusubiri mazao yetu pale kwenye lami, litajengwa banda la kuyakusanyia karibu na shule, na ile njia itafungwa kwa magari na pikipiki, iwe ya miguu, punda na wilbaro peke yake. Sisi tukaombwa tuchange nguvu zetu, na tukachanga.

Bi Naila, mimi ndiye ninayeita mwethya ya kina mama huku, lile kundi letu la kusaidiana kuchimba matuta na kuvuna. Labda wasomaji wa mbali hawajui. Anayeita hupita nyumba kwa nyumba, anasema kazi ni gani na ni ya nani, na kina mama wanakuja na majembe kwa sababu ya neno lake tu. Ukiwaita kwa uongo hata mara moja, siku mvua itakapobomoa matuta yako utayachimba peke yako, na hawatakutukana, watapita tu wakikusalimia.

Basi niliwaita na wakaja. Njia tuliichimba sisi, tukapanga mawe pande zote mbili, tukaifanya nyembamba makusudi, wilbaro mbili zikikutana moja inangoja. Pikipiki zikahamia barabara ya chini. Muhula uliopita Wavinya hakukosa shule hata siku moja kwa ajili ya kifua, na mwalimu wake aliniambia kumbe huyu mtoto ana sauti kubwa, hakuwa anajua.

Lakini lori. Lori lilikuja la kukodi siku chache za soko, tukapigwa picha nalo, likapotea. Badala yake ikaja pikapu mpya ya milango minne, nyeusi, ubavuni imeandikwa maneno ya kupunguza moshi, tukaambiwa ni gari la kusimamia mradi. Yaani gari la kusimamia kazi ya kupunguza magari, nimeandika vile ilivyo, sijaongeza chumvi. Asubuhi linapeleka watoto wa Bwana Ndeti shule, yeye ndiye mratibu wa mradi, jioni linawarudisha, Jumamosi linabeba simenti ya nyumba anayojenga. Na sisi tukarudi kutafuta boda, kila mtu na yake, kule chini.

Na dereva wa hilo gari, Bi Naila, ni Mulinge wangu.

Alikuwa anaendesha malori ya mchanga mpaka kazi hiyo ikaisha, akakaa nyumbani muda mrefu, na wewe unajua mwanaume aliyekaa nyumbani anavyokuwa, hata kukohoa anakohoa kwa kuomba ruhusa. Alipopata hii kazi nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Na Jumapili Ndeti akiwa hana safari Mulinge hutupeleka ibadani na hilo gari, na mimi hupanda, nakwambia ukweli.

Sasa mwisho wa mwezi wanakuja wageni wakubwa kutoka kaunti, hao wanaogawa hizo pesa za umma, wauone mradi ndipo waamue kama wataongeza. Ndeti alikuja kwangu, akaketi, akanywa chai, akaniambia waheshimiwa hawawezi kupanda mlima na viatu vya ofisi, kwa hivyo niite mwethya tuyang'oe yale mawe tupanue njia gari lifike mpaka kwenye banda, ambako kutakuwa na hema na chakula. Nikamwambia wenzangu hawawezi kukubali kubomoa kazi ya mikono yao. Akanijibu akichovya mkate wangu kwenye chai yangu:

“Waambie ni ya lori. Wakisikia lori watakuja mbio.”

Nikasema siwezi. Akaaga kwa heshima, akaenda zake. Mulinge akanifuata jikoni, hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

“Nthenya, wewe umeona vile nimekaa bila kazi. Ukikataa, kesho hiyo gari iko na dereva mwingine. Na ile pampu ya mtoto atanunua nani?”

Bi Naila, ni kweli, pampu ya Wavinya ya kuvuta dawa ya pumu hununuliwa kwa mshahara huo. Lakini najua pia tukiipanua njia, kesho yake boda zote zitarudi hapo, maana ni ya mkato, na vijana wa boda wameshaanza kuniuliza kwa furaha itafunguliwa lini. Mama mkwe wangu anasema nyumba kwanza, mambo ya serikali baadaye. Mimi naona ni kama naambiwa nichague mume wangu apumue au mtoto wangu apumue. Niite mwethya kwa uongo? Au nikatae, nyumba yangu ivunjike? Nijibu haraka, sina siku nyingi.

Nthenya, Nunguni

Naila anajibu:

Mama Wavinya, nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili chai ilipoa mezani, sikuweza kuinywa.

Nitaanza na wewe, maana wewe ndiye uliyeniandikia. Ulipopanda lile gari kwenda kuabudu, hukujua lori limegeuka kuwa nini? Ulijua. Ulipandisha kioo vumbi lisiingie, na vumbi hilo wakalila wenzako wa mwethya wanaokwenda kanisani kwa miguu na Biblia zao. Mimi si wa kanisa lako, lakini nadhani hata huko hilo halipendezi. Jumapili hii tembea. Usihutubie mtu, wewe tembea tu.

Huyo Ndeti sasa. Zile pesa si zake, na wala si hisani ya hao wageni. Ni zako. Umezilipa kwenye sukari, kwenye unga, kwenye kila dakika ya simu. Zilitengwa ili mtoto apunguziwe moshi, na yeye akanunua moshi mwingine, wenye viti vizuri. Halafu anataka wanawake wale wale waliobeba mawe kwa vichwa vyao wayang'oe, bure, ili waheshimiwa waje kusifu njia ya miguu bila kuikanyaga kwa miguu. Nimeandika ukurasa huu miaka mingi na nimesoma aibu za kila aina, lakini ya namna hii ni ya kwanza.

Mulinge sitamtukana, na wewe usimtukane. Hapa mjini Mwingi ninakoishi nawaona wanaume wa namna yake kila siku, wanaojua kazi na hawana kazi, na najua hofu inavyomfanya mtu mzuri aseme neno baya kwa sauti ya chini. Lakini swali lake lina jibu. Muulize, hiyo pampu atainunua mara ngapi pikipiki zikirudi dirishani? Mtoto wenu amemaliza muhula mzima bila kulala kwa kuketi. Hakuna mshahara wa dereva unaonunua hilo dukani.

Fanya hivi. Usikatae kuita mwethya. Iite.

Kabla hujatoka, mwambie Mulinge, ninyi wawili tu, mama yake asiwepo, kwamba utaiita na utaitaja kazi vile ilivyo. Asije akalisikia kwa jirani. Kisha pita nyumba kwa nyumba kama ulivyozoea, na kila mlango sema maneno haya: “Bwana Ndeti anataka tuyang'oe mawe ili gari lake lifike kwenye banda. Lori halimo.” Halafu nyamaza. Usilie, usieleze, usimwombe mtu awe upande wako. Waache kina mama wajibu wenyewe, na jibu lao mpelekeeni Ndeti mkiwa kundi, si wewe peke yako jikoni kwako. Ni rahisi kumtisha mke wa dereva. Kuutisha mlima mzima ni kazi nyingine.

Siku ya wageni msiende na majembe. Nendeni na kabichi zenu, mkasimame pale kwenye lami ambapo lori lilipaswa kusubiri. Najua kina mama mmezoea kuwapokea wageni kwa nyimbo na kuwavisha leso. Siku hiyo msiimbe mpaka mjibiwe. Mama mmoja mwenye umri, anayeheshimika, aulize: lori letu liko wapi? Aulize kwa upole, kama mtu anayetafuta punda wake aliyepotea. Kama hawajui, watageuka kumtazama Ndeti. Kama wanajua, watatazama chini. Vyovyote iwavyo mtakuwa mmeona, na swali hilo hilo mlipeleke bunge la kaunti kwa maandishi, majina yenu yote yakiwa chini yake.

Je, kazi ya Mulinge itapotea? Huenda. Itauma, na sitakudanganya ili ulale vizuri. Lakini mnapolidai lori, semeni pia kwamba litahitaji dereva, na kwamba mnaye hapo mlimani mtu aliyeendesha malori ya mchanga kwa miaka na hakuna mama asiyemjua. Afadhali awe dereva wa kundi lenu lote kuliko kuwa wa simenti ya mtu mmoja. Mwambie hivyo, na umwambie kwa upendo, maana yeye pia ameonewa.

Na hao waheshimiwa wapande mlima kwa miguu. Mshike Wavinya mkono, mtangulie mbele yao, mwende mwendo wake. Mkifika kwenye banda watakuwa wameshika viuno, hawawezi kusema, wanatafuta pumzi. Wasipewe maji bado. Waambie hivyo ndivyo mtoto huyu alivyokuwa akipumua akiwa ameketi darasani.